Viroboto hawakomi kwa paka na mbwa hata baada ya dawa: kasoro iko wapi?

PakaWawili_Tanga

Wadau, habari za leo. Naomba msaada wenye vipimo, maana "weka dawa" nimeshaambiwa vya kutosha.

Nyumba ipo Tanga mjini, vyumba vitatu, sakafu ya saruji yenye nyufa, sebuleni kuna mkeka mkubwa na kapeti chini ya makochi. Paka ni wawili, kilo 3 na kilo 3.5, wanaingia na kutoka watakavyo. Mbwa ni mmoja, kilo 18, analala uani chini ya mwembe. Kuku tisa, na banda lao liko hatua kama kumi na mbili kutoka anapolala mbwa.

Mbwa amewekewa matone ya fipronili (tyubu ya mbwa wa kilo 10 hadi 20) mwezi uliopita na mwezi huu. Anaogeshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Paka hawajawekewa kitu kwa sababu hawajikuni sana. Ndani ilipulizwa mara moja dawa ya kopo, ile ya mbu na mende. Nafuu ilidumu siku tatu nne, kisha watoto wakaanza kung'atwa tena vifundoni, hasa wakikaa mkekani.

Jambo jingine: kingo za masikio ya mbwa zimejaa viroboto wadogo weusi wasioruka. Ukiwapitishia kitana hawatoki.

Je, dawa ni feki? Nibadilishe? Na ndani nipulize nini, kiasi gani, mara ngapi?

Dkt_Mifugo

Dawa inaweza kuwa nzima kabisa. Kwa maelezo yako inaoshwa kila Jumamosi, inawekwa kwa mnyama mmoja kati ya watatu, na sehemu kubwa ya viroboto haiko kwa mnyama hata kidogo.

Chukua viroboto 100 wa nyumba yenye tatizo kama lako, ukihesabu wa umri wote. Wakubwa wanaokimbia manyoyani ni kama 5 tu. Karibu 50 ni mayai, 35 hivi ni mabuu, na 10 hivi wamejifungia ndani ya vifukofuko. Hao 95 wako sakafuni, mkekani, kwenye kapeti na kwenye udongo wa kivulini. Kiroboto jike akishakunywa damu kwa mara ya kwanza huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Yai halinati kwenye nywele kama la chawa. Ni laini na kavu, hudondoka popote mnyama anapolala, anapojikuna au anaporuka kutoka kwenye kochi.

Joto la Tanga na unyevu wa bahari vinampa kila anachotaka. Kwenye nyuzijoto 27 na unyevu wa asilimia 75 au zaidi, yai huanguliwa ndani ya siku chache, na buu hula kinyesi kikavu cha viroboto wakubwa (yaani damu ya paka wako) kwa wiki moja hivi, kisha hujifunga. Yai hadi kiroboto mkubwa ni wiki mbili hadi nne. Ila aliyeko ndani ya kifukofuko anaweza kukaa humo kwa miezi akisubiri. Kinachomtoa ni mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi ya kiumbe hai. Ndiyo maana watoto wakikaa mkekani ndipo wanapong'atwa.

Sasa paka. Kiroboto anayesumbua mbwa wengi duniani ni yule yule wa paka. Paka hajikuni sana kwa sababu anajilamba na kuwameza, usidhani hana. Mpime hivi: chukua kitana cha chawa, chana kuanzia mgongoni hadi mwanzo wa mkia, kisha kung'uta uchafu kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikiacha doa la rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa na kiroboto. Udongo wa kawaida hauachi doa hilo.

Matone yenyewe. Fipronili ya matone huenea kwa mafuta ya ngozi na kujihifadhi kwenye vitezi vya mafuta. Sabuni ya unga huondoa mafuta hayo. Usimwogeshe saa 48 kabla ya kuweka wala saa 48 baada ya kuweka, na baada ya hapo isizidi mara moja kila wiki mbili, kwa sabuni laini. Tena sabuni ya unga peke yake hukausha ngozi na kumfanya ajikune hata asipokuwa na kiroboto.

Namna ya kuweka: mbwa asimame, tenganisha nywele katikati ya mabega hadi uone ngozi, gusisha mdomo wa tyubu kwenye ngozi na ukamue yote. Wengi hukamua juu ya nywele, dawa ikabaki inang'aa manyoyani na nusu yake ikaishia kwenye ukuta alipojisugua. Kwa paka weka juu zaidi, chini ya kisogo, ambako ulimi haufiki. Paka wa zaidi ya wiki 8 na kilo 1 hupewa tyubu yake ya mililita 0.5. Mbwa wa kilo 18 ni mililita 1.34. Wote watatu siku moja, kisha rudia kila baada ya siku 30, usipungue miezi mitatu. Ukiacha mwezi wa kwanza kwa sababu "wameisha", walio kwenye vifukofuko watatoka wakute wanyama hawana dawa, na utaanza upya.

Jua pia kwamba fipronili huua ndani ya saa 24 hadi 48. Kiroboto aliyerukia leo unaweza kumwona anatembea kesho. Angalia kama kesho kutwa bado yupo.

Kama mbwa lazima aogeshwe kila wiki, au mnampeleka kuogelea baharini, achana na matone. Tumia kidonge cha kutafuna cha afoksolana (kila mwezi) au fluralana (kila wiki 12), apewe pamoja na chakula. Kinafanya kazi kupitia damu, maji hayakigusi. Mbwa aliyewahi kupata degedege asipewe bila kuonana na daktari wa mifugo. Sindano ya ivermektini, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni rahisi, itampunguzia minyoo na wadudu wa upele lakini viroboto haiwamalizi.

Mwisho, tazama kinyesi na manyoya ya chini ya mkia. Vipande vyeupe kama punje za mchele ni tegu, na tegu huyo mnyama humpata kwa kumeza kiroboto. Dawa yake ni prazikuanteli, miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo mbwa wako ni miligramu 90. Ukimpa dawa ya tegu bila kuondoa viroboto, punje zitarudi baada ya wiki chache.

Hao wa masikioni wasioruka ni jamii nyingine. Namwachia mtu wa kuku.

PakaWawili_Tanga

Asante sana daktari. Tishu imefanyika: paka wote wawili, doa la kutu.

Swali la pili. Kuna tyubu ya mbwa mkubwa iliyobaki, naweza kuwagawia paka kwa bomba la sindano? Na duka la dawa za mifugo wanashauri dawa ya kuogeshea ng'ombe, mililita 2 kwa lita moja ya maji, eti inaua kila kitu.

Dkt_Mifugo

Hapo usome lebo neno kwa neno kabla hujagusa paka.

Tyubu nyingi za mbwa zina permethrini, peke yake au pamoja na dawa nyingine, kwa kiwango cha asilimia 40 na kupanda. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa. Tone chache za dawa hiyo huleta kutetemeka masikio na miguu, kuweweseka, degedege, na kifo. Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache au kuchelewa hadi siku ya pili, ya tatu. Hata mbwa aliyepakwa permethrini asilale na paka wala asilambwe naye mpaka siku tatu zipite. Ikitokea ajali: mwogeshe paka mara moja kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu (ya moto huongeza dawa kupenya ngozini), mkaushe, mfunike apate joto, mkimbize kwa daktari pamoja na tyubu. Maziwa hayasaidii kitu.

Kama tyubu ina fipronili tupu ya asilimia 10, kihesabu mililita 0.5 kwa paka inalingana. Lakini "fipronili tupu" ndilo neno la kuthibitisha, na tyubu iliyokwisha kufunguliwa itupwe, haihifadhiki. Kununua tyubu mbili za paka ni nafuu kuliko kumtibu mmoja mwenye degedege.

Dawa ya ng'ombe: ikiwa ni amitrazi ya asilimia 12.5, hiyo mililita 2 kwa lita ni kipimo cha kupe wa ng'ombe. Kwa viroboto ni dhaifu, na kwa paka hairuhusiwi. Ikiwa ni jamii ya ogano-fosfeti ndiyo mbaya zaidi: udenda unatiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza. Paka hujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka umemnywesha.

Mnyunyizaji

Mimi naongelea ndani ya nyumba tu, maana ndiko waliko 95 wa daktari.

Dawa ya kopo haikukosea, ilifanya kazi yake. Imetengenezwa imwangushe mdudu anayeruka, kisha iishe. Ukungu wake hautui chini ya kochi wala hauingii kwenye ufa. Siku tatu nne za nafuu ndizo hizo, wakubwa wamekufa, wadogo wakaendelea.

Kazi huanza na ufagio. Toa kapeti na mkeka nje, vitandaze juani kwenye saruji kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ugeuze katikati. Buu hastahimili jua kali wala ukavu, na yai halipendi pia. Usivikung'ute juu ya udongo wa kivulini, utakuwa umewahamishia mbwa. Mkeka wa ukindu una mishono inayohifadhi mayai, kwa hiyo umwagie maji ya moto yenye sabuni kabla ya kuuanika. Shuka, foronya na matambara wanayolalia paka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kama huna kipimajoto, ni maji ambayo huwezi kuzamisha mkono.

Sogeza makochi. Fagia nyufa na pembe za ukuta kwa ufagio wa chelewa mgumu, si ule laini wa kufagilia vumbi la juu. Taka zote zitie kwenye ndoo ya maji ya sabuni au zichome. Mashine ya kufyonza vumbi kama ipo ni bora zaidi, mfuko wake ufungwe na kutupwa siku hiyo hiyo.

Ndipo upige deki, sakafu ikauke kabisa, halafu dawa.

Tafuta ya kukaa sakafuni: deltamethrini au lambda-sihalothrini ya kuchanganya na maji, iliyoandikwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba. Ile ya shambani usiilete ndani hata kama jina la kiini ni lile lile, maana viyeyusho vyake ni vingine. Kama utapata iliyochanganywa na piriproksifeni, chukua hiyo. Piriproksifeni haiui mkubwa, ila yai na buu hawafiki ukubwani, na hapo ndipo mzunguko unapokatika.

Kipimo hufuata lebo, na hesabu yake ni ya eneo. Tuseme lebo yako inasema mililita 50 ndani ya lita 5 za maji kwa mita za mraba 100. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, kwa hiyo unahitaji mililita 600 za mchanganyiko, zenye mililita 6 za dawa. Wengi huchanganya ndoo nzima, inabaki, wanaimwaga uani au wanairudia chumba kile kile "ili iwe kali". Changanya kinachotosha siku hiyo, kwani iliyochanganywa haihifadhiki hadi wiki ijayo.

Tumia bomba lenye pua ya feni, shinikizo la chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Lenga kando za kuta, chini ya makochi na vitanda, ndani ya nyufa, upande wa chini wa kapeti. Katikati ya sakafu penye mwanga na kupigwa deki kila siku hapana haja ya kupalowesha. Vaa glavu, funika pua na mdomo, funika mitungi ya maji na vyombo. Kama kuna samaki wa kwenye kioo watolewe, dawa hizi zinawaua upesi. Watoto na paka wasiingie mpaka sakafu ikauke na madirisha yawe wazi kwa muda wa saa tatu au nne. Dawa za jamii hii zikiwa mbichi ni hatari kwa paka, zikishakauka hatari hupungua sana.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupuliza leo na kesho asubuhi kupiga deki kwa sabuni hadi pembeni. Umeifuta. Kwa wiki mbili piga deki katikati tu, kando na chini ya samani fagia kavu.

Rudia kupuliza siku ya 14. Kifukofuko kinanata vumbi na mchanga juu yake, dawa haipenyi, hata ya bei ghali. Kwa hiyo usiwasubiri watoke kwa hiari yao: fagia kila siku, tembea juu ya mkeka, piga kapeti. Mtikisiko unawatoa, wanakanyaga dawa. Nyumba iliyofungwa mwezi mzima watu wakiwa safarini, mkirudi mtapokelewa na jeshi. Hawakuingia mlipokuwa mbali, walikuwa wamewasubiri.

Baada ya hapo ziba nyufa. Saruji kwa mchanga laini, moja kwa tatu, au uji mzito wa saruji kwa nyufa nyembamba. Ufa uliozibwa hauhitaji dawa tena.

Uani usipulize kote. Buu hawezi kuishi penye jua la mchana. Shughulika na pale chini ya mwembe anapolala mbwa, mita mbili kwa mbili, na chini ya ngazi au baraza. Ondoa majani makavu, kwangua udongo wa juu sentimita tatu hivi, punguza matawi jua lipenye, na mbwa mhamishie kwenye kichaga cha mbao juu ya saruji.

BintiMuheza

Kabla hamjamaliza mshahara wa mtu: majani ya mwarobaini na majivu je? Huku watu wanatumia na wanaona unafuu. Wengine hupaka mafuta ya taa, wengine vitunguu saumu kwenye chakula.

Mnyunyizaji

Dada, tuvitenganishe, kwa sababu viwili vina faida na viwili vinadhuru.

Majivu makavu yaliyochekechwa, yakimwagwa kwenye udongo wa banda au kwenye ufa mkavu, hukausha mabuu. Yakilowa tu kazi imekwisha, na pwani yanalowa haraka. Kwenye ngozi ya mnyama usiyaweke, yanachoma. Mwarobaini: maji ya majani yaliyochemshwa yanafukuza kidogo kwa siku moja mbili, ila hayaui wa kutosha kukata kizazi. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu yana nguvu zaidi, lakini kwa paka ni ya kuogopwa kwa sababu ya kujilamba.

Mafuta ya taa huchoma ngozi, na mnyama akijilamba yakaingia kwenye mapafu unampoteza. Kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu, na paka ndiye anayeathirika upesi. Mnyama ambaye tayari ananyonywa damu na viroboto hafai kupunguziwa nyingine.

Kwa mwenye bajeti ndogo, nunua matone ya wanyama wote kwanza. Nyumba unaweza kuipigania kwa jua, maji ya moto na ufagio wa kila siku, itachukua muda mrefu zaidi lakini inakwenda. Kinyume chake, yaani kupuliza nyumba na kuacha wanyama, hakuendi kabisa.

Mfugaji_Pongwe

Hao wa masikioni wasiotoka kwa kitana ni viroboto wa kuku. Jike huchomeka mdomo ngozini na kubaki hapo hapo siku nyingi, hata wiki kadhaa, wakiwa kundi kundi kama mbegu za ufuta mweusi. Kwa kuku utawakuta kwenye undu, kuzunguka macho na kwenye ndevu. Mbwa huwapata kwa kulala karibu na banda au kuingiza kichwa humo kutafuta mayai. Paka pia, kwenye kingo za masikio.

Usiwakwanyue kwa kucha wakiwa wengi, unaacha vidonda vinavyooza. Paka mafuta mazito ya kujipaka (ya mgando, yale ya kopo) juu ya kundi zima, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Wanakosa hewa, wanalegea, unawafuta kwa kitambaa au unawatoa mmoja mmoja kwa kibanio. Karibu na macho ya kuku tumia kijiti cha pamba, kidogo tu. Matone ya fipronili ya mbwa, yakiwekwa kama daktari alivyosema, yanawamaliza hawa pia. Ila banda lisiposafishwa atawaokota wengine wiki hiyo hiyo.

Banda: toa maranda na udongo wa juu wote, choma. Siku moja, si nusu leo nusu kesho. Mwaga unga wa dawa uliosajiliwa kwa kuku kwenye sakafu kavu, kwenye pembe na ndani ya viota, kisha weka maranda mapya. Rudia baada ya siku 10 hadi 14. Lebo itakueleza siku za kutokula mayai, nazo zihesabu kweli. Mzunguko wa hawa ni mwezi hadi miezi miwili, kwa hiyo uvumilivu unahitajika. Ukiweza kuinua banda, sakafu ya fito au waya, mayai ya viroboto yanadondoka penye jua na mambo yanakuwa mepesi. Weka uzio mbwa asifike.

Na asije mtu akakushauri kupulizia kuku fipronili. Ni dawa isiyoruhusiwa kwa mnyama wa chakula. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yalitolewa madukani Ulaya, Uholanzi na Ubelgiji zikiwa mbele, kwa sababu ilitumika kwenye mabanda na ikakutwa ndani ya mayai.

Dkt_Mifugo

Nakubaliana na Mfugaji. Naongeza jambo la panya, kwa kuwa nyumba yenye kuku na pumba haiwakosi. Kama mnapanga kutega au kuweka sumu ya panya, pulizeni kwanza njia zao na mashimo yao dawa ya viroboto, kisha panya wafuate. Panya akifa, viroboto wake huuacha mzoga ukipoa na kutafuta mwili wenye joto, awe paka au mtoto. Sehemu kama Lushoto, ambako tauni imewahi kusumbua kwa miaka mingi tangu 1980, mpangilio huo si wa hiari.

PakaWawili_Tanga

Nimewaelewa wote. Mawili tu yamebaki. Nitajuaje kwamba inafanya kazi ikiwa mnasema wataendelea kutoka? Na jirani ana paka mwenye watoto wa wiki tatu, anafanyaje, maana dawa zote ni kuanzia wiki nane?

Mnyunyizaji

Hesabu. Chukua sahani nyeupe bapa, tia maji ya kina cha sentimita moja na matone matatu ya sabuni ya vyombo. Iweke sakafuni sebuleni usiku, na taa ndogo juu yake kama sentimita 15, taa nyingine zote zizimwe. Mshumaa hapana, paka wataupiga. Kiroboto hufuata mwanga, anaruka, anazama kwa sababu sabuni imevunja ngozi ya juu ya maji. Asubuhi hesabu na andika. Fanya usiku mmoja kila wiki, mahali pale pale. Mtego huu hautamaliza tatizo, ni wa kupimia tu.

Wiki ya pili na ya tatu idadi inaweza kupanda kuliko mwanzo, hao ni wa vifukofuko, usiongeze dawa. Kuanzia wiki ya nne inapaswa kushuka kila wiki. Ikifika wiki ya nane haijashuka, kuna mnyama hajawekewa dawa au kuna sehemu ya kulala hamjaigundua. Angalia darini, stoo, ndani ya kabati lenye nguo kuukuu, na paka wa mtaani anayekuja kula mabaki barazani.

Dkt_Mifugo

Watoto wa wiki tatu: fungua mdomo uangalie ufizi. Ukiwa wa waridi, kuna muda. Ukiwa mweupe kama karatasi, mtoto amepungukiwa damu na aonwe na daktari leo, maana viroboto pekee wanaweza kumuua mtoto wa paka.

Wenye ufizi mzuri wachanwe kwa kitana cha chawa mara mbili kwa siku, kila unapochana uchovye kitana kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Wakiwa wengi mno, mwogeshe mtoto mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya wanyama. Anza kwa kumzungushia povu shingoni kabla hujalowesha kwingine, la sivyo viroboto wote watakimbilia usoni na masikioni. Dakika tatu, suuza, kausha kwa taulo hadi awe mkavu kabisa, mrudishe kwa mama yake. Kitoto kikilowa kinapoteza joto haraka hata hapa pwani.

Fipronili ya kunyunyiza (ya asilimia 0.25, si matone) inaruhusiwa kuanzia umri wa siku mbili, mililita 3 hadi 6 kwa kilo. Mtoto wa gramu 350 ni mililita 1 hadi 2. Nyunyizia kwenye glavu kisha umpake, usimpulizie usoni, akauke kabla hajarudi kunyonya. Mama naye anyunyiziwe hiyo hiyo kwa kipimo cha uzito wake, si matone, na chuchu zirukwe. Boksi wanamolala libadilishwe tambara kila siku mbili, la zamani lichemshwe.

PakaWawili_Tanga

Sahani ya jana usiku: 31. Nitaweka namba ya wiki ijayo hapa hapa.